Neno la Kupokea Ng'ombe

Kama Barthélemy Nsanzimana angekubali bahasha, haya yote yasingetokea. Mkewe Eugénie alimwambia hivyo kabla ya sherehe. Baada ya sherehe hakumwambia tena, na kunyamaza kwake kulimuuma kuliko maneno.

Bahasha ndiyo desturi ya Goma siku hizi. Watu wanashuka kutoka Masisi na Rutshuru, wanakuja kubanana juu ya mawe meusi ya volkano ambako hata majani ya kumlisha mbuzi mmoja ni ya kutafuta, na siku ya mahari wanasimama ndani ya suti zao wanasema, "Tumeleta ng'ombe." Ng'ombe mwenyewe ni bahasha iliyofungwa utepe. Msemaji wa upande wa pili anaipokea kwa mikono miwili, anaipapasa, anasema ana pembe nzuri na kiwele kilichojaa. Watu wanacheka, wanapiga makofi, wanafungua Fanta. Barthélemy alikuwa amekaa katika karamu nyingi za namna hiyo, na kila mara alirudi Keshero amenuna, akavua viatu mlangoni na kurudia maneno yale yale: kwamba watu wake wamegeuka waigizaji, na hata mchezo wenyewe hawaujui.

Alikuwa na haki ya kununa, au alidhani anayo. Kwao, kwenye kilima cha Kabingo upande wa Masisi, alikuwa mfugaji na mtoto wa mfugaji. Zizi lake lilikuwa na ng'ombe ishirini na mmoja, kila mmoja na jina lake. Tena alikuwa mtu wa desturi. Hakuna harusi iliyofanyika Kabingo bila yeye kuulizwa nani aanze kusema, nani akae mkono gani, pombe ya ndizi ifunguliwe saa ngapi. Na alipenda kuulizwa. Tusimfichie: alipenda sana.

Kisha vita vikapanda Kabingo. Asubuhi ile milio ya bunduki ilipokaribia, Barthélemy alimwita mwanawe wa kwanza, Niyitegeka, kijana wa miaka ishirini na sita, akamwambia atangulie na ng'ombe mpaka bonde la pili, wao watafuata na vyombo. Niyitegeka alitaka kubaki amsaidie mama yake mzigo. Baba akamjibu kwamba mzigo utabebwa na yeyote, ng'ombe hawabebwi, aende. Walipofika bonde la pili hawakukuta ng'ombe wala mtu. Wapita njia walisema wamesikia hili, wengine wakasema lile, na mpaka leo hakuna aliyewahi kusema, "Mimi nilimwona."

Ndiyo maana hawakumfanyia matanga. Utamliliaje mtu ambaye hujaonyeshwa alipoanguka? Wanawake wa Keshero walipomuuliza Eugénie ana watoto wangapi, alisema wawili, kisha alitafuta kazi ya kufanya kwa mikono. Wa pili ni Umuhire, binti yao, ambaye alikuwa amekuja Goma kusoma miaka mingi kabla ya vita na sasa alifundisha darasa la tatu. Wazazi walilala kwanza kwenye kambi ya Lac Vert, chini ya bashi la plastiki, na kambi ilipovunjwa wenzao wengine wakarudi vilimani. Wao hawakurudi. Habari zilizowafikia zilisema kwamba Kabingo kuna mtu mwingine anayechunga. Umuhire aliwapangia vyumba viwili vya mbao Keshero, na humo ndimo Barthélemy alimokuwa akinuna.

Umuhire alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Ndoa yake na Ushindi, mtoto wa mfanyabiashara Sebahire anayepitisha sabuni na sukari mpakani Bunagana, ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa sababu ya vita. Mara ya tatu Sebahire alituma ujumbe wa heshima kwamba ataleta bahasha nzuri. Barthélemy akakataa.

"Nataka inka," alisema, na hapo alitumia neno la Kinyarwanda cha kwao, kana kwamba ng'ombe wa Kiswahili angekuwa mdogo zaidi. "Iwe na pembe, iwe na mukia, ikunye mbele ya batu."

"Ngombe utaiweka wapi?" Eugénie alimuuliza. "Mu kitanda?"

"Namegabe iko na majani kule Lac Vert. Ataniazima fasi."

"Batu banakimbia na roho zao, weye unataka bakutafutie ngombe. Chukua enveloppe, mutoto aolewe, tupumuzike."

"Kama desturi nayo ikipotea, tumebakia na nini?"

Eugénie alimwangalia kwa muda. Angeweza kumtajia kitu walichobakia nacho na kitu walichopoteza, lakini akarudi kwenye maharage yake. Sebahire, kwa upande wake, hakubisha. Alijibu kwamba muzee akitaka ng'ombe atapata ng'ombe, na Barthélemy alitembea mtaani siku tatu kifua mbele.

Tena hakuishia hapo. Alipogundua kwamba msemaji wa upande wa Sebahire ni shemasi mmoja kijana, Munezero, mtoto wa mjini ambaye hajui hata ng'ombe anakamuliwa upande gani, Barthélemy alikaa na kalamu akamwandikia utaratibu wote kwenye karatasi mbili. Nani aingie kwanza. Ng'ombe apitishwe wapi. Na mwisho, lile jambo kubwa: kwamba upande wa kijana utasema "Amashyo," yaani uwe na makundi ya ng'ombe, na baba wa binti, kama amempokea mnyama, atajibu "Amashongore," makundi ya majike. Kila siku maneno hayo ni salamu tu. Lakini siku ya mahari, Kabingo, jibu lile lilikuwa kama kugonga muhuri. Ukishajibu, ng'ombe ni wako pamoja na njia yote aliyopita. Huulizi tena alitoka wapi, kama ni wa kurithi, wa kununua au wa kuokota, kwa sababu kuuliza ni kumwita mkwe wako mwizi. Barthélemy alipigia mstari sentensi hiyo mara mbili. Kisha, kwa kuwa karatasi ilikuwa bado na nafasi, akaongeza habari ya ndama: jike la kwanza litakalozaliwa na ng'ombe wa mahari hurudishwa kwa maharusi, na anayelitoa ndiye anayelipa jina, na jina hilo halibadilishwi.

Sherehe ilifanyika Jumamosi, kwenye kiwanja cha Namegabe kule Lac Vert. Namegabe alikuwa wa kabila jingine, Mushi, mzee mpole aliyewafahamu tangu siku za kambi, na alikuwa amefyeka majani na kupanga viti chini ya mikalitusi bila kuombwa mara mbili. Bashi mbili zilitandazwa, sono, yaani mitambo ya muziki, ikafungwa, wanawake wakajifunga mashuka ya sherehe, mishanana ya rangi ya machungwa. Umuhire alikaa katikati ya shangazi zake. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, Barthélemy alijisikia yuko kwao. Kila mtu alisema neno lake kwa zamu yake, kama lilivyoandikwa, naye alikuwa akitingisha kichwa kama mwalimu anayesikiliza wanafunzi wasiomwaibisha.

Ndipo wakamleta ng'ombe. Wanaume wawili walimtoa nyuma ya uzio kwa kamba, na shingoni wamemvisha maua ya plastiki. Alikuwa mwekundu wa kuiva, tumbo limeanza kujaa. Sono ikalia ghafla, akashtuka, akainua miguu ya mbele, na watu wa viti vya karibu wakaruka. Barthélemy hakufikiri. Ng'ombe anapoogopa mtu anamtuliza, basi. Alipiga miluzi, miwili mifupi na mmoja mrefu, akamwita taratibu kwa Kinyarwanda aje, "Ngwino, mama, ngwino."

Ng'ombe akatulia. Akageuza kichwa. Kisha akawaburuta wale wanaume wawili na kamba yao, akapita kati ya viti, akaangusha kreti ya Fanta, akaja moja kwa moja mpaka kwa Barthélemy na kusukuma mdomo wake kwenye mfuko wa kushoto wa koti.

Mluzi ule ulikuwa wa Niyitegeka. Na mfuko wa kushoto ndimo Niyitegeka alimokuwa akiweka chumvi. Barthélemy alishika sikio la yule mnyama, akakuta pengo dogo la duara ambalo mwanawe alilikata kwa kisu cha jikoni mwaka ule kupe walipoliozesha. Bihogo. Alikuwa mtamba wa miaka mitatu alipoondoka.

Watu walikuwa wanashangilia. Simu zilikuwa juu. Munezero aliishika mikro, kipaza sauti cha mkononi, kwa furaha ya mtu asiyejua afanyalo.

"Bandugu, mumeona wenyewe," alisema. "Ngombe imejichagulia bwana yake. Nani atasema hii ndoa si ya Mungu?"

Eugénie alikuwa kwenye kiti cha nyuma. Barthélemy alisikia pumzi yake sikioni.

"Ile njo Bihogo."

"Najua."

"Uliza. Sasa hivi, mbele ya batu. Baseme balimutoa wapi, na mwenye alikuwa naye iko wapi."

Mwenye kuuza ng'ombe huyu alimpata kwa mtu, na mtu huyo kwa mwingine, na mwishoni mwa mnyororo huo kulikuwa na mmoja aliyekutana na Niyitegeka njiani. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na njia ya kuifuata. Barthélemy aliliona hilo wazi. Lakini aliinua macho akamwona pia Umuhire. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, amewashika shangazi zake mikono, uso wote umefunguka, kwa sababu naye alikuwa ameamini kwamba ni ishara njema. Hakumjua Bihogo, alikuwa Goma darasani Bihogo alipozaliwa. Baba yake akiuliza sasa, kaka zake Sebahire watasimama, maneno yatarushwa, suti zitavuliwa, na ndoa itakwama mara ya tatu, na safari hii si vita vitakavyokuwa vimeikwamisha.

"Nitauliza kesho," alimwambia Eugénie bila kugeuka. "Polepole. Mwanaume na mwanaume."

"Kesho hakuna."

"Amashyo," Munezero alisema kwenye mikro, akasoma vizuri kabisa kama alivyoandikiwa.

Watu wote walimgeukia Barthélemy. Bihogo alikuwa bado anatafuta chumvi. Barthélemy alimwangalia binti yake, na akajibu.

"Amashongore."

Ni pale sauti yake mwenyewe ilipomrudia kutoka kwenye sono ndipo alipokumbuka maana yake. Mtu aliyewafundisha vijana wa Kabingo nzima, mtu aliyepigia mstari mara mbili, alikuwa amelisema neno lile huku akijiambia atauliza kesho. Eugénie alilikumbuka kabla yake. Barthélemy alisikia kiti cha mkewe kikisogezwa nyuma.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa Sebahire, kwenye depo yake ya sabuni. Sebahire hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Alimwinukia, akampa kiti chenye mto, akatuma chai iletwe.

"Papa Sebahire," Barthélemy alisema, "nimekuya juu ya kitu kimoja tu. Ile ngombe mulinunuaka kwa nani?"

"Iko na ugonjwa?"

"Apana, iko muzima. Ni ngombe yangu ya Kabingo. Inaitwa Bihogo. Niyitegeka, mutoto yangu, njo alikuwa nayo siku alipotea."

Sebahire aliweka kalamu chini. Nje, wapakuzi walikuwa wanarushiana makatoni.

"Sikujua," alisema, na Barthélemy alimwamini, na kumwamini hakukumsaidia kitu.

"Najua haukujua. Nambie tu jina ya ule mutu aliuzisha. Ngombe zingine sitaki. Nataka kujua fasi mutoto alianguka, mama yake aende kumulilia."

"Ule mutu haulizwe, Papa Barthélemy. Leo njo iko na nguvu. Nikimuuliza leo, kesho gari zangu hazipite. Na weye ukienda kumuuliza, hautarudia ku nyumba."

"Miye nimezeeka. Nambie, nitaenda."

"Na Ushindi? Na Umuhire? Si ule mutu atauliza ni nani alikupatia jina yake?" Sebahire alishusha sauti, akawa mpole zaidi, na upole huo ulikuwa na ukuta ndani yake. "Nyama yote tunakula mu hii muji, weye unafikiri inatoka wapi? Uliisha kuuliza mutu wa buchari? Kama tukianza kuulizana, hakuna mutu atakula, hakuna mutu ataoa. Miye nilitaka kuleta enveloppe. Ni weye ulikatala. Ulisema inka, nikatafuta inka. Na mbele ya batu yote ulijibu Amashongore."

Barthélemy aligeuza uso kuelekea wapakuzi.

"Munezero alinionyesha ile karatasi yako," Sebahire aliendelea. "Umepiga mustari mara mbili. Kunywa chai, Papa. Itapoa."

Alikunywa chai. Ndivyo alivyolelewa, hukiachi kikombe cha mkwe. Kisha akarudi Keshero kwa miguu, vumbi jeusi limemfika magotini, na njia nzima alikuwa na hasira ya kutaka kuvunja kitu, na hakukuwa na kitu cha kuvunja ambacho si chake. Angemchukia Sebahire kwa furaha kama Sebahire angekuwa amesema uongo. Lakini kila neno alilosema lilikuwa la Barthélemy mwenyewe.

Eugénie alikuwa anachagua mchele mlangoni.

"Alisema nini?"

"Alisema nimeisha kujibu."

"Njo ile kesho yako," alisema, akamaliza kuchagua mchele, akaingia ndani. Tangu siku hiyo alimpikia, alimfulia, alimwambia mvua inakuja. Maneno mengine aliyaweka kwa ajili ya Umuhire, ambaye alikuja kila Jumapili, na wakikaa nyuma ya nyumba na baba akitokea, mazungumzo yalibadilika yakawa ya bei ya maji.

Bihogo alikaa Lac Vert kwa Namegabe. Barthélemy alikwenda kila asubuhi, chumvi katika mfuko wa kushoto. Wakati mwingine, Namegabe akiwa mbali, alimuuliza. Walikushika wapi? Alikuwa amesimama au alikuwa amekimbia? Alipiga mluzi? Alijua ni upuuzi, na aliuliza hivyo hivyo. Shahidi wa pekee aliyekuwa naye alikuwa anatafuna majani.

Mwezi wa kumi Bihogo alizaa ndama jike, mwekundu, na doa jeupe kwenye paji. Namegabe alikuja mwenyewe mpaka Keshero kutoa habari. Eugénie aliisikia kutoka jikoni.

"Jike ya kwanza," alisema. "Itabidi uibapatie. Si weye njo mutu wa desturi?"

Alitaka kumchoma, na alimchoma. Ng'ombe aliibiwa kwake, akarudishwa kwake kama zawadi, naye Barthélemy akashukuru kwa zawadi hiyo, na sasa ilimpasa kuwalipa waliomletea kwa mtoto wa ng'ombe huyo huyo. Usiku huo alilala vibaya. Lakini asubuhi, njiani kwenda Lac Vert, alikumbuka mstari wa mwisho wa karatasi yake, na kwa mara ya kwanza tangu harusi akacheka peke yake. Anayetoa ndama ndiye anayempa jina. Na jina halibadilishwi.

Neno lake lilikuwa limemfunga mdomo; basi neno lake lingine litaufungua. Sebahire hataulizwa kitu. Atapewa tu ndama, na kila asubuhi kwake watu watamwita ndama huyo kwa sauti, na kila wakimwita, swali litakuwa limeulizwa. Barthélemy hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mtu wa kumwambia alikuwa anamwambia tu kwamba mvua inakuja.

Miezi sita alimzoesha ndama. Alimwita, akampa chumvi, akamwita tena, mpaka ndama akawa anakuja mbio akisikia jina.

"Muzee," Namegabe alimuuliza siku moja, "ile si jina ya mutu?"

"Ni jina."

Namegabe alimwangalia, kisha akaenda kuangalia migomba yake, ambayo haikuhitaji kuangaliwa.

Walimpeleka ndama Jumapili moja baada ya Pasaka, nyumbani kwa Sebahire, nyumba ya matofali karibu na ziwa, hapo hapo Keshero. Watu hawakuwa wengi, thelathini hivi. Umuhire alikuwa na mimba ya miezi saba na alikuwa amependeza nayo. Eugénie alikaa karibu naye na akamwekea kiti cha pili cha kunyooshea miguu. Munezero alikuwa na mikro ingawa hakuna aliyeihitaji.

"Muzee, tunashukuru," alisema. "Desturi inasema weye njo unapatia ngombe jina. Inaitwa nani?"

Barthélemy alisimama. Alikuwa amevaa koti lile lile.

"Inaitwa Niyitegeka."

Wageni wengine walicheka kidogo, wakidhani muzee anatania, kisha wakaona hacheki. Sebahire hakucheka hata mwanzo. Alikuwa ameelewa mara moja. Uso wake ulipauka taratibu kuanzia mdomoni.

"Papa Barthélemy," alisema, "ile ni jina ya mutu."

"Karatasi unayo," Barthélemy alijibu. "Amashyo."

Lilikaa hewani neno lile. Ushindi alimwangalia baba yake. Kumkataa ndama ilikuwa kuikataa ndoa, na binti mwenye mimba ya miezi saba alikuwa amekaa pale. Sebahire alifuta mdomo kwa kitambaa, akakikunja, akakirudisha mfukoni.

"Amashongore," alisema, kwa sauti ya chini kabisa.

Barthélemy akakaa. Kwa muda wa dakika chache, na hilo lazima tulikiri, alikuwa na furaha. Ilikuwa furaha kali, lakini alikuwa hajaonja nyingine kwa muda mrefu. Aliona jinsi watu wa Sebahire walivyokuwa wanatazama chini. Aligeuka amtafute Eugénie, amwone kama ameelewa kwamba mumewe amepata njia ya kuuliza.

Eugénie alikuwa amemshika Umuhire. Umuhire alikuwa amesimama, mkono mmoja tumboni, na alikuwa anakuja.

"Papa," alisema. "Juu ya nini ulifanya vile?"

"Mama yako atakuelezea. Ile ngombe Bihogo..."

"Najua habari ya Bihogo. Mama aliniambia tangu Noeli." Hakuwa anapiga kelele, alikuwa anazungumza kama anavyozungumza na mtoto wa darasa la tatu aliyechana daftari. "Huyu mutoto ni kijana. Tulionyeshwa ku hospitali. Miye na mama tulikubaliana ataitwa Niyitegeka. Na Ushindi alikubali. Nilimuambia hata Papa Sebahire juzi, na alikubali. Tulitaka hii leo tukuambie, mbele ya batu yote. Ilikuwa njo zawadi yako."

Barthélemy alimtazama Sebahire, aliyekuwa bado amekaa na mkono juu ya mfuko wenye kitambaa, na sasa alisoma vizuri kilichokuwa usoni mwake muda ule wote, na hakikuwa aibu peke yake, kilikuwa pia huruma.

"Bado munaweza," alimwambia binti yake. "Mutoto ni mutoto. Ngombe ni ngombe."

"Hapa, mu hii parseli, ku nyumba yetu, baite mutoto yangu na ngombe jina moja?"

"Tutabadilisha ya ngombe."

"Haibadilishwe," Umuhire alisema. "Si weye njo uliandika?"

Mfanyakazi wa Sebahire alikuwa amekamata kamba kumpeleka ndama nyuma ya nyumba. Ndama aliweka miguu, hakutaka. Yule mfanyakazi, ambaye hakuwa amesikia chochote cha maana isipokuwa jina, akafanya anavyofanya mtu mwenye mnyama mkaidi. Aliita.

"Niyitegeka. Niyitegeka, kuya. Weye Niyitegeka."

Eugénie aligeuza kichwa haraka, si kwa ndama, bali kwa geti la barabarani, na akabaki analiangalia. Jina lile lilikuwa halijaitwa kwa sauti mbele yake tangu asubuhi ile ya Kabingo. Ndama alisikia, akalegeza miguu, akaenda mbio nyuma ya nyumba kama alivyozoeshwa.

Eugénie alichukua mkoba wake kwenye kiti. Alimpangusa Umuhire uso kwa kona ya kikwembe chake, akamwambia akae, asisimame muda mrefu. Kisha akaja mpaka aliposimama mumewe.

"Mara ya kwanza ulimutuma aende na ngombe," alisema. "Leo umemutuma tena."

Akatoka. Barthélemy aliaga watu kwa mikono miwili, mmoja mmoja, kama inavyotakiwa, wakampa mikono. Alipofika barabarani Eugénie alikuwa ameshafika mbali, anatembea haraka juu ya mawe, na hakumngoja.